Nchi ya Kumi

Jumamosi, tarehe 12 ya mwezi wa kumi, 1985. Asubuhi mvua nyembamba wakati wa salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani. Saa sita jua kali, barabara ya Mikelenge inatoa mvuke kama sufuria. Mto umejaa.

Hivyo ndivyo nilivyoandika siku ile kabla ya kwenda kusikiliza. Juu niliandika hali ya hewa, chini chakula, na katikati yaliyotokea. Niliishia darasa la sita kwa masista na sikujua namna nyingine ya kuandika siku. Katikati ya siku hiyo niliacha patupu. Sasa najaribu kupajaza, na naogopa kuwaonea watu, maana wengine wamekufa na wengine walinifanyia mema.

Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa gare, stesheni ya treni. Alipaka mafuta magurudumu ya mabehewa, ingawa treni yenyewe ilikuja ilipotaka. Alikuwa na kigugumizi. Si kile cha kukwama kidogo mtu akikasirika. Chake kilikuwa ukuta. Neno lilifika kwenye meno, shingo ikavimba, jicho moja likafumba, na watu wakangoja. Au hawakungoja.

Kule mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, kwenye baraza ya duka moja la mchele na mafuta ya mawese, palikuwa na benchi la wachezaji wa dame, yaani drafti. Mimi niliuza mikate ya kukaanga pembeni yake, kwa hiyo niliyoyasikia niliyasikia kwa masikio yangu. Walicheza kwa vizibo vya chupa, upande mmoja vimeangalia juu, upande mwingine vimeangalia chini. Lakini dame ya Kindu haichezwi kwa mkono peke yake. Nusu yake ni mdomo. Unakula kizibo cha mwenzako huku ukimwambia mama yake alimzaa akiwa anasinzia, naye anakujibu, na watu wanacheka, na hapo ndipo mchezo ulipo. Asiyejibu ameshindwa nusu hata kama vizibo vyake vingali ubaoni. Mume wangu aliwashinda wote akiwa kimya, na hakuna aliyemhesabia.

Walimwita Diesel.

"Diesel, leo umeamkaje?" aliuliza fundi wa kushona, ambaye cherehani yake ilikuwa pale pale barazani. Mume wangu alifungua kinywa. Kabla neno halijatoka, wawili walikuwa wamesimama nyuma yake, mikono mbele, wakisukuma hewa kama wanasukuma kamyo, lori lililogoma kuwaka.

"Sukuma, sukuma. Batri imelala."

"Mupe dakika, injini ingali baridi."

Alicheka nao. Ningependa kuandika kwamba hakucheka, lakini alicheka. Na lazima niandike na hili: mwaka ule gare ilipokaa miezi bila kulipa watu, fundi huyo huyo alimshonea binti yetu nguo za shule na hakutaka hata asante. Sijui niyaweke wapi mambo hayo mawili. Nayaweka pamoja.

Mwenye duka alikuwa mtu wa familia ya zamani ya Kiislamu, mpole, mwenye kuvaa kanzu safi hata siku ya matope. Alikuwa amepata foni, ile mashine ya kuzungumza kwa mawimbi, iliyowashwa kwa batri ya kamyo, na antena yake ilifungwa kati ya miti miwili ya mianzi nyuma ya duka. Asubuhi aliulizia bei ya mafuta katika mji wa Lubutu na kamyo zilizolala njiani. Mchana mashine ilikaa bure. Siku moja alitoka nje akakaa kwenye benchi, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

"Nataka kujaribu kitu," alisema. "Kilabu ya hewani. Muntu anakaa hapa na ubao wake, mwenzake anakaa Lubutu na ubao wake. Miraba tunaipa namba. Kila mmoja anataja anatoka wapi anaenda wapi, mwenzake anamusogezea. Ikienda vizuri tutaita Punia, tutaita Kibombo, kila Jumamosi. Itakuwa kama mji."

"Mji gani hauna nyumba?" fundi akauliza.

"Hauna barabara vilevile. Hakuna bariere ya askari, hakuna wa kuuliza karatasi. Unaingia kwa sauti tu."

"Na salongo iko kule?"

"Kule hakuna majani ya kukata."

"Basi mimi nahamia leo. Mwambieni muke wangu anitafute hewani."

Walicheka, lakini nami niliona macho yao. Kutoka Kindu kwenda Lubutu ilikuwa safari ya kuagana na watu. Sasa mtu angefika kule ameketi. Kuanzia siku ile benchi halikuongea jambo jingine. Kila mmoja alijitafutia jina la hewani. Serikali ilikuwa imetubadilisha majina mara moja kwa amri, na tulizoea. Haya yalikuwa majina ambayo mtu alijichagulia mwenyewe, na wanaume wazima waliyabadilisha asubuhi na jioni kama wasichana na vilemba. Fundi alijiita Radi. Lubutu ilituma habari kwamba mchezaji wao ataitwa Chui.

"Lakini kwanza ni jaribio," mwenye foni aliwakumbusha. "Jaribio ni la kutafuta ubovu. Tukiuona tunautengeneza, njo tunafungulia watu wote. Nani ataanza?"

"Tumupe Diesel," alisema fundi. "Kama tunatafuta ubovu, tuanze na mubovu wetu."

Benchi lilitikisika kwa kicheko. Mwenye foni hakucheka. "Nimeuliza nani anacheza vizuri."

Fundi aliacha kucheka akaangalia ubao. "Ni yeye," akasema. "Mimi sijawahi kumushinda."

Kwa hiyo sijui walimchagua kwa dhihaka au kwa haki. Nimeligeuza jambo hili miaka mingi na kila mara nadhani yalikuwa yote mawili.

Jioni ile mume wangu alikaa jikoni nami, jambo ambalo majirani walimchekea pia. Kwangu maneno yalimtoka kuliko kwa wengine, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Kule ni namba tu," alisema. "Hakuna matusi. Hakuna wa kuniangalia shingo." Akasogeza kuni motoni. "Lubutu hawanijui."

Hapo ndipo nilipoelewa anachongojea. Kushinda alishazoea. Alitaka sehemu moja duniani, hata kama ni ya hewa, ambako angekuwa mtu aliyesema neno na likapokelewa. Jina alilochagua lilikuwa Upepo. Alilijaribu mara nyingi kabla ya kulichagua, lilitoka lenyewe.

Namba ndizo zilizoleta shida. Ubao wao ulikuwa na miraba hamsini ya kuchezea. Wengi wetu tunasema makumi mbili, makumi tatu, lakini mwenye foni alitaka ishirini, thelathini, arobaini, kama babu zake walivyohesabu. Kwa mume wangu hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Ishirini ilitoka. Thelathini ilitoka, arobaini ilitoka. Moja, mbili, mpaka tisa, hazikumsumbua. Kumi ilimfunga. Kumi yenyewe na zote zinazoanza nayo, mpaka kumi na tisa, zilikuwa ukuta.

Na ukuta ulisimama pabaya. Vizibo vyake vilianzia nyuma, kwenye thelathini na arobaini, vikipanda kwenye ishirini katikati ya ubao. Mistari ya mwisho, kule ambako kizibo kinageuka dame na kutembea kinavyotaka, ilikuwa na namba ndogo. Kati ya ishirini na zile ndogo palikuwa na miraba ya kumi. Aliiita nchi ya kumi. Alinionyesha kwa kidole.

"Nikikaa huku, nasema kila kitu. Nikitaka kushinda, lazima nipite hapa."

Nilimwambia aseme kwa Kifaransa. Akatikisa kichwa. Kifaransa kilimfunga kinywa chote tangu shule. Na tena haikuruhusiwa kuchanganya: mtu wa usalama alikuwa amekuja dukani kuuliza kwa nini watu watatajiana namba hewani, na alikubali kwa masharti kwamba atakuwepo, na namba zitasemwa kwa lugha moja, wazi, asikie kila kitu. Sioni kwamba alikosea. Angesikia mkubwa wake namba zinapita hewani bila maelezo, yeye ndiye angeulizwa.

Kinu ndicho kilichotusaidia. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, naye alikuwa ameketi na ubao magotini akijaribu namba zake. Nikasikia, katikati ya mapigo ya mchi, "kumi na tatu", nzima, haina hata ufa. Niliacha kutwanga. Akajaribu tena, akakwama. Nikatwanga, ikatoka. Mchi ukishuka, neno linashuka nao.

Basi tukawa tunafanya hivyo. Nilitwanga sombe kuliko tulivyoweza kula; niliwapa majirani. Baadaye akajifunza kugonga kwa kidole mahali pa mchi, juu ya goti, juu ya meza, ko, ko, na kumi ikatoka. Nilimwona akienda kazini njia nzima akigonga paja. Watoto wa Mikelenge, mtaa wetu, walimfuata wakigonga mapaja yao.

Desturi ya benchi ilikuwa hivi: anayefungua kitu kipya, baiskeli, redio, hata mtoto, nyumba yake inapika. Mume wangu angefungua mji wa hewani. Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi ile, baada ya salongo, nilichinja jogoo wetu. Alikuwa mmoja tu.

Saa tisa duka lilijaa. Wanawake tulisimama dirishani, nje. Mume wangu alikaa mbele ya mashine, amevaa shati la siku ya harusi yetu. Mtu wa usalama alikaa karibu na batri katika abakosi yake, ile suti ya kiserikali isiyo na tai, miguu pamoja, kama mtu aliyekuja kwenye kilio cha watu asiowajua. Mwenye foni aliamuru kimya kabisa, kwa sababu mikro, kile chombo cha kusemea, inachukua kila sauti. Ndipo nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona: benchi lote limefungwa kinywa, na mume wangu ndiye mwenye ruhusa ya kusema.

"Lubutu, Lubutu, hapa Kindu," mwenye foni akaita, kisha akamsogezea mume wangu mikro.

Mashine ilichemka kama mafuta kikaangoni, halafu sauti ikatokea, sauti ya mtu mzima, ya adabu.

"Kindu, hapa Chui. Upepo, nakusalimu. Huku kwetu mvua inanyesha. Kwenu je?"

Hili halikuwa kwenye mazoezi. Mume wangu alibonyeza kitufe. Niliona shingo.

"Jua," akasema.

"Basi mna bahati," sauti ikajibu.

Hayo tu. Lakini nilimwangalia mume wangu akiachia kitufe, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyewekewa kiti. Mgeni kamuuliza, yeye kajibu, na dunia haikusimama.

Wakaanza. "Thelathini na mbili, ishirini na nane." Kule wakasogeza, wakataja yao, na hapa fundi akasogeza vizibo vya Lubutu kwenye ubao wetu. Mume wangu alicheza mchezo wa ajabu. Alikataa kula pale ambapo kula kungemfikisha kwenye kumi. Aliwazungusha kwenye ishirini kama anayefunga ng'ombe kwa kamba ndefu. Waliojua dame waliuma midomo, maana hawakuelewa anakwepa nini. Mimi nilielewa.

"Upepo," Chui alisema wakati mmoja, "unacheza kama mtu asiye na haraka. Napenda hivyo."

Halafu Chui akampa kizibo ambacho sheria inalazimisha kukila. Kukila kulimtua kumi na tisa. Mume wangu alibonyeza, akagonga meza kwa kidole, ko, ko, na kusema, "Kumi na tisa." Nzima. Mimi dirishani nilishika mkono wa mwanamke aliyekuwa karibu nami, ambaye hata sikumjua.

Mtu wa usalama akasimama. "Sitwayen," akamwita kwa neno la serikali la kuitana wananchi, "unagonga nini?"

Mume wangu aliinua kidole kumwonyesha.

"Kugonga kwenye mikro ni mawasiliano. Huko wanakosikiliza hawatajua unagonga kwa nini. Acha."

"Ni kidole tu, shefu," alisema mwenye foni.

"Najua ni kidole. Nimesema aache."

Mikono ya mume wangu ikarudi magotini. Nadhani aligonga goti, lakini mtu wa usalama aliinama kuangalia chini ya meza, na goti nalo likatulia.

Wakacheza tena zamu chache. Ndipo mtego ulipofunguka. Hata mimi niliuona. Akitoa kizibo kimoja, Chui analazimika kukila, naye anarudi kula vitatu na kuingia dame. Fundi aliweka mkono mdomoni. Ilikuwa kusema tu: ishirini na moja kwenda kumi na saba.

"Ishirini na moja," mume wangu akasema.

Na hapo akasimama mlangoni mwa nchi yake. K ikaja, ikarudi, ikaja. Jicho likafumba. Aliachia kitufe.

"Upepo, sikukupata," alisema Chui. "Wimbi linakatika. Rudia."

Alibonyeza tena. K, k, k.

"Rudia, Upepo. Nasikia kama injini ya mbali."

Benchi lilipasuka. Hawakuweza kujizuia, na sidhani kama mtu yeyote angeweza. Yule wa Lubutu hakujua lolote na alikuwa amesema neno lao. Mmoja aliingia chini ya kaunta kucheka. Wawili walianza kusukuma hewa, polepole, bila sauti.

Lakini mume wangu hakugeuka. Nilimwona, na hili nina hakika nalo: alikuwa bado na tumaini. Huko Lubutu hakuwa kigugumizi. Huko wimbi lilikuwa baya, na wimbi linampata kila mtu. Angeweza kukwama mpaka jioni na bado angebaki Upepo asiye na haraka.

Ndipo sauti nyingine ikaingia, mfanyabiashara wa Punia aliyekuwa anasikiliza. "Kindu, mashine yenu iko na ubovu gani? Kesho nilitaka kupitisha habari za mizigo kwako. Kama inakatika hivi, nitafute kwingine?"

Mwenye foni alichukua mikro. Hakuwa na hasira, naweza kuapa. Duka lake zima lilikuwa juu ya mashine ile, na alikuwa ametuambia tangu mwanzo jaribio ni la nini.

"Hapa Kindu. Mashine iko muzima," akasema. "Muntu njo iko na ubovu. Ni kigugumizi."

Mafuta yalichemka kikaangoni muda kidogo.

"Ah," alisema Chui. "Pole, Upepo." Halafu akabadilisha sauti. Alianza kusema kwa nguvu, akikata kila neno, kama watu wanavyosema na kiziwi au na mtoto mjinga. "U-na-ta-ka. Na-mba. Ga-ni?"

Alitaka kusaidia. Yule mtu alikuwa na adabu mwanzo mpaka mwisho. Punia hakuwa nayo. Punia ilisema "Ki-ki-ki-Kindu," na mahali pengine, sijui wapi, mtu akacheka hewani, na mwingine akaiga, na nikaelewa kwamba walikuwa wengi wanaosikiliza.

Mume wangu alisogeza kizibo chake mpaka kumi na saba kwa kidole, akakiacha pale. Fundi alikiona. Aliinama, akachukua mikro mkononi mwa mwenye foni.

"Hapa Radi," akasema. "Namusemea. Ishirini na moja kwenda kumi na saba."

Kule wakahesabu. "Radi, mmetumaliza," alisema Chui kwa sauti yake ya kwanza, ile ya mtu kwa mtu. "Umecheza vizuri sana, Radi. Jumamosi ijayo tena."

"Jumamosi ijayo," akajibu fundi.

Wakampiga fundi mabegani. Alisema, "Si mimi, ni yeye," mara moja, nilisikia. Na mara ya pili hakusema. Mwenye foni alitangaza jaribio limefaulu. Ubovu umeonekana, mashine ni nzima, kilabu imefunguliwa. Na Jumamosi zilizofuata ilikuwa hivyo kweli, Radi wa Kindu alijulikana mpaka Kibombo.

Nilitembea nyumbani mbele yake nikifikiri hakuna atakayekuja kula. Nilikosea. Desturi ni desturi, nyumba ilikuwa imealika. Walikuja wote, hata mtu wa usalama alipita, akakaa kidogo. Hawakumtania. Waliosha mikono, wakasifu mchuzi, fundi alimuuliza binti yetu kama nguo za shule bado zinamtosha. Sikupata kosa hata moja la kuwashikia.

Mume wangu aliwamwagia maji mikononi. Firigisi ya jogoo, ambayo kwetu ni ya baba wa nyumba, nilikuwa nimeiweka kwenye sahani yake. Aliitoa kwa vidole viwili akaiweka kwenye sahani ya fundi. Fundi aliiangalia, akamwangalia yeye.

"Kula," mume wangu akasema. Neno lilitoka zima. Fundi akala.

Walipoondoka alichukua ubao wetu akauweka jikoni, chini ya masufuria ya moto, na hapo ulikaa mpaka ukaungua katikati.

Chakula: jogoo kwa mchele, wageni. Sisi: ukoko wa mchele, mchuzi uliobaki, na sombe. Sombe ilikuwa nyingi.